Upasuaji wa kiungulia: Miaka kumi baadaye, nani bado anameza dawa?

Chakula cha jioni kimeliwa, taa zimezimwa na mtu amelala. Saa sita usiku anaamka kifua kikiwaka na maji machungu yamejaa kooni. Anaketi kitandani, anakunywa maziwa baridi au analamba magadi, kisha asubuhi anapitia duka la dawa kununua vidonge vile vile alivyonunua mwezi uliopita. Kwa wengine jambo hili hutokea mara moja moja baada ya sherehe. Kwa wengine limekuwa ndiyo maisha, mwaka nenda mwaka rudi.

Wanaoishi na kiungulia sugu husikia habari za upasuaji wa matundu madogo ambao "humaliza" tatizo hili. Mara nyingi habari hiyo huletwa na jamaa aliyefanyiwa Nairobi au ng'ambo, akarudi akila pilau bila wasiwasi. Upasuaji huo upo, na matokeo yake yamefuatiliwa kwa miaka mingi katika nchi kadhaa. Linalohitaji kuangaliwa kwa makini ni hilo neno "humaliza". Tafiti zilizowafuata wagonjwa kwa muda mrefu zinaonyesha kwamba wengi hupata nafuu ya kudumu, baadhi hurudia dawa, na wachache hulazimika kupasuliwa tena. Kabla ya familia kuuza ng'ombe au kuitisha harambee, ni vyema ijue inanunua nini.

Mlango uliolegea

Chakula hushuka kutoka kinywani kupitia umio hadi kwenye mfuko wa tumbo. Pale umio unapoungana na mfuko huo pana msuli wa mviringo unaofanya kazi kama mlango: hufunguka chakula kinapopita, kisha hujifunga. Msuli huu husaidiwa na kiwambo, yaani ule ukuta wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo. Umio hupita katika tundu la kiwambo, na tundu hilo huubana mlango kutoka nje.

Mlango ukilegea, au ukifunguka mara kwa mara bila sababu, asidi ya tumboni hupanda juu. Tumbo lina utando wa kujikinga na asidi hiyo, lakini umio hauna kinga ya kiwango hicho. Ndipo kifua kinapowaka. Kwa baadhi ya watu tundu la kiwambo hupanuka na sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo ikateleza kuingia kifuani. Hiyo ndiyo henia ya kiwambo, na huzidisha tatizo. Uzito mkubwa wa mwili, ujauzito, uvutaji wa sigara na kula usiku muda mfupi kabla ya kulala huchangia pia.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mitaani huitwa jina moja. Vidonda vya tumbo si ugonjwa wa kiungulia. Vidonda vingi husababishwa na bakteria wanaoitwa H. pylori, au na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Hutibiwa kwa njia tofauti, na upasuaji unaoelezwa hapa haukubuniwa kwa ajili yake. Mtu aliyeambiwa "una ulsa" bila kupimwa hajui bado ana ugonjwa gani.

Leso kiunoni

Upasuaji wenyewe ulitokana na daktari Mjerumani, Rudolf Nissen, aliyekimbia utawala wa Wanazi mwaka 1933 na kufanya kazi Istanbul, kisha Marekani, kabla ya kuhamia Basel nchini Uswisi. Akiwa Istanbul katika miaka ya 1930, alimpasua mgonjwa mwenye kidonda sehemu ya chini ya umio, na ili kulinda mshono akauzungushia sehemu ya mfuko wa tumbo. Miaka ikapita, akagundua kwamba mgonjwa yule hakusumbuliwa na kiungulia. Mwaka 1956 alichapisha maelezo ya upasuaji uliofanywa makusudi kwa njia hiyo.

Wazo lake ni rahisi kueleza. Sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo huvutwa nyuma ya umio, ikazungushwa na kushonwa mbele, mithili ya mama anayejifunga leso kiunoni. Tumbo linapojaa, leso hiyo hubana na mlango hufungika. Kabla ya hapo tundu la kiwambo lililopanuka hushonwa lipungue. Nissen alizungusha duara kamili. Katika miaka ya 1960 Mfaransa André Toupet alipendekeza mkunjo usiozunguka umio wote, na hadi leo madaktari huchagua kati ya aina hizo mbili.

Kwa zaidi ya miaka 30 kazi hii ilifanywa kwa kupasua tumbo wazi, na mgonjwa alibaki na kovu refu. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne na wenzake wa Liège, Ubelgiji, waliripoti kuifanya kwa matundu madogo. Siku hizi mgonjwa hupewa nusukaputi, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupata nafasi, kisha kamera na vifaa vyembamba huingizwa kupitia matundu yapatayo matano, kila moja likiwa la nusu sentimita hadi zaidi kidogo ya sentimita moja. Kazi huchukua saa moja hadi mbili au zaidi kidogo. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya usiku mmoja au miwili. Bega linaweza kuuma siku za kwanza kwa sababu ya ile gesi, jambo linalowashangaza wengi ambao hawakuambiwa mapema.

Wiki za mwanzo ni za uji, supu na vyakula laini, kwa kuwa mkunjo huwa umevimba na chakula hupita kwa shida. Nyama ngumu, chapati kavu na mkate husubiri.

Hesabu ya miaka mingi

Swali la mwananchi huwa si zito kwa upande wa wiki za kwanza. Anataka kujua kama atakuwa sawa mtoto wake aliye darasa la kwanza atakapomaliza shule.

Jibu lenye watu wengi zaidi limetoka Uswidi, ambako kila upasuaji na kila dawa ya daktari huingia katika rejista ya taifa. Watafiti waliangalia wagonjwa 2,655 waliofanyiwa upasuaji huu wa matundu kati ya mwaka 2005 na 2014. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba asilimia 17.7 walirudiwa na ugonjwa, yaani karibu mtu mmoja kati ya sita. Waliorudiwa walikuwa 470; kati yao 393 walirudi kwenye dawa za muda mrefu na 77 walipasuliwa tena. Wagonjwa hao walifuatiliwa kwa wastani wa miaka mitano na nusu hivi. Wanawake, wazee na wenye magonjwa mengine walirudiwa zaidi. Ndani ya siku 30 za kwanza, asilimia 4.1 walipata matatizo ya upasuaji, na vifo vilikuwa viwili.

Ukisoma takwimu hizo kwa upande wa pili, zaidi ya watu wanane kati ya kumi hawakuonekana kurudiwa. Si matokeo ya kudharau. Dallemagne naye alipowafuatilia wagonjwa wake 100 baada ya miaka 10, karibu tisa kati ya kumi hawakuwa na kiungulia cha kusumbua. Ni kweli kwamba huyo ni fundi anayekagua nyumba aliyoijenga mwenyewe, na tena fundi mwenye uzoefu ambao wachache wanao. Hospitali isiyofanya upasuaji huu mara kwa mara isitarajiwe kupata matokeo kama yake.

Je, dawa? Utafiti ulioitwa LOTUS, uliofanywa katika nchi 11 za Ulaya, uligawanya wagonjwa 554 kwa bahati nasibu: kundi moja lilimeza esomeprazoli kila siku, jingine likafanyiwa upasuaji wa matundu. Wote walikuwa watu ambao dawa ilikuwa imewasaidia tangu mwanzo. Baada ya miaka mitano, asilimia 92 ya waliomeza dawa na asilimia 85 ya waliopasuliwa walikuwa bado wamedhibiti ugonjwa. Kwa lugha nyingine, kwa mtu ambaye dawa inamfaa na anaimeza ipasavyo, kisu hakikuonekana kuishinda.

Lakini ukichambua dalili moja moja, picha inabadilika. Chakula na maji machungu kupanda kooni kulibaki kwa asilimia 13 ya waliomeza dawa, na kwa asilimia 2 tu ya waliopasuliwa. Sababu ni kwamba dawa hupunguza makali ya asidi, lakini haizibi mlango. Kwa mtu ambaye shida yake kuu ni chakula kurudi anapoinama shambani au anapolala, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa upande mwingine, waliopata shida ya kumeza walikuwa asilimia 11 baada ya upasuaji dhidi ya 5 kwa dawa. Tumbo kujaa gesi, 40 dhidi ya 28. Na kutoa hewa kwa chini, 57 dhidi ya 40.

Hilo la mwisho watu hulicheka, ila wanaoishi nalo hawacheki. Mkunjo ukibana vizuri, hewa iliyomezwa hushindwa kutoka kwa kubeua, hivyo hutafuta njia nyingine. Kutapika pia huwa kugumu. Daktari asiyemweleza mgonjwa haya kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini hajamaliza kazi yake.

Uingereza nako utafiti ulioitwa REFLUX uliwagawanya wagonjwa 357 wa hospitali 21. Baada ya miaka mitano, asilimia 44 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wakimeza dawa za asidi, ikilinganishwa na asilimia 82 ya waliopangiwa dawa. Sehemu ya hao 44 ni watu waliopangiwa upasuaji lakini hawakuufanya, kwa hiyo idadi hiyo isichukuliwe kuwa yote ni kushindwa kwa kisu. Hata hivyo inakubaliana na utafiti wa zamani wa maveterani wa jeshi la Marekani, waliopasuliwa tumbo wazi: walipotafutwa tena takribani miaka 10 baadaye na matokeo kuchapishwa mwaka 2001, asilimia 62 ya waliopasuliwa walikuwa wakimeza dawa mara kwa mara. Wengine huimeza kwa sababu ugonjwa umerudi kweli. Wengine wana tatizo jingine la tumbo, na wengine ni mazoea tu. Kupimwa tena ndiko kunakoonyesha ni lipi.

Waliofika 366, wakabaki 78

Pengine somo kubwa zaidi kwa mkaazi anayefikiria upasuaji limo katika utafiti mwingine wa maveterani wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 366 walipelekwa kliniki kwa sababu kiungulia chao "hakisikii dawa". Watafiti hawakukimbilia kupasua. Kwanza waliwapa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, kwa maelekezo makali ya kuimeza muda mfupi kabla ya kula.

Watu 42 walipata nafuu kwa hilo pekee. Dawa ilikuwa ile ile. Tatizo lilikuwa jinsi ilivyokuwa ikimezwa. Wengine 23 walionekana kuwa na magonjwa mengine ya umio kabisa. Na 99 hawakuwa na asidi inayopanda kwa kiwango cha ugonjwa: umio wao ulikuwa unahisi moto bila asidi kuwa ndiyo chanzo. Hao wote, kama wangepasuliwa siku waliyofika, wangebeba makovu bila faida. Wengine waliondolewa kwa sababu mbalimbali au hawakumaliza vipimo.

Waliobaki walikuwa 78, ambao kiungulia chao kilithibitishwa kwa vipimo kuwa kinatokana na asidi na kweli hakisikii dawa. Kwa hao, upasuaji ulifaulu kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja. Dawa za kuongezea zilifaulu kwa asilimia 28, na kundi lililoendelea na omeprazoli pamoja na vidonge visivyo na dawa ndani lilipata asilimia 12. Kwa mtu aliyechaguliwa sawasawa, basi, upasuaji huu una nguvu ambayo vidonge havina. Kazi iko katika kumpata huyo mtu.

Anapatikana kwa vipimo. Cha kwanza ni kamera inayoingizwa kinywani kuangalia umio na tumbo. Cha pili ni kifaa kinachopima asidi ndani ya umio kwa saa 24 au zaidi. Cha tatu hupima nguvu ya misuli ya umio, kwa sababu kuna ugonjwa ambao msuli wa mlango hukataa kulegea, na dalili zake hufanana na kiungulia. Kumfunga mtu huyo leso nyingine juu ya mlango usiofunguka ni kumfungia chakula. Vipimo hivi viwili vya mwisho havipatikani kila mahali, na hospitali inayokubali kupasua bila hata kuvitaja inastahili kuulizwa maswali.

Kabla ya kufikia kisu

Omeprazoli humezwa takribani nusu saa kabla ya chakula. Kuimeza usiku wakati moto umeshawaka, kama wengi wanavyofanya, hupunguza sana kazi yake. Kula saa mbili au tatu kabla ya kulala, kuinua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, kupunguza uzito na kuacha sigara husaidia pia. Mwenye uzito mkubwa sana huenda akashauriwa aina nyingine ya upasuaji, ule wa kupunguza uzito kwa kuchepusha tumbo, ambao hutibu mambo mawili kwa pamoja.

Wapo wanaotaka upasuaji kwa kuogopa kwamba dawa zitawadhuru zikimezwa miaka mingi. Utafiti mkubwa wa watu 17,598 waliopewa pantoprazoli, dawa ya jamii hiyo hiyo, au kidonge kisicho na dawa kwa takribani miaka mitatu, haukukuta madhara makubwa zaidi isipokuwa ongezeko dogo la maambukizi ya utumbo. Hofu peke yake, basi, si sababu ya kutosha ya kupasuliwa. Hata hivyo, kujinunulia vidonge miaka nenda miaka rudi bila kuonwa na daktari ni jambo jingine.

Na kuna dalili ambazo hazifai kusubiri dawa yoyote ya dukani. Chakula kukwama kinapomezwa, kukonda bila sababu, kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami ni sababu ya kwenda hospitali mara moja na kuomba kipimo cha kamera. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi, na maeneo ya magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa yameathirika zaidi. Saratani iliyozoeleka hapa nchini haitokani sana na kiungulia; imehusishwa na mambo kama tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Ila mgonjwa hawezi kuitofautisha akiwa nyumbani, na mwezi mmoja wa kujitibu kwa magadi unaweza kuwa mwezi uliohitajika. Kifua kinachobana mtu anapopanda mlima au kutembea haraka nacho kipimwe kama tatizo la moyo kwanza.

Rufaa huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mkaazi ambaye bado hajajisajili na SHA anaweza kufanya hivyo kwa kupiga *147# kwenye simu, na aliyekwisha kuandikiwa upasuaji afike dawati la SHA la hospitali husika kabla ya kulazwa, aulize kwa maandishi ni kiasi gani kitalipwa na kipi kitabaki kwake. Vipimo vya kabla ya upasuaji viulizwe kando, kwa sababu familia nyingi hupanga bajeti ya chumba cha upasuaji na kusahau kwamba gharama huanza mapema. Daktari naye aulizwe bila haya: amefanya upasuaji huu mara ngapi, atatumia mkunjo wa aina gani, na atafanya nini ukilegea?

Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, hata kama ni miaka mingi iliyopita, ahifadhi barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini mahali ambapo haitapotea. Kiungulia kikirudi, au chakula kikianza kukwama, aende nayo kliniki kabla ya kurudi duka la dawa. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu ya ndani, na daktari atakayeufikiria atahitaji kujua mkunjo ulizungushwa vipi, kamili au nusu, na kama tundu la kiwambo lilishonwa.